Anayenakili Anadaiwa Nini?

Weka mezani bodi mbili za Arduino Uno, moja ya Italia na nyingine ya China. Matundu ni yaleyale, pini ni zilezile, chipu kubwa ya katikati ni ileile ATmega328P, na programu iliyoandikwa kwa ajili ya moja hufanya kazi kwenye nyingine bila kugusa hata mstari mmoja. Ukiinama ukaangalia karibu na tundu la USB ndipo utaona zinapoachana: ya Italia ina kichipu cha mraba, ATmega16U2, na ya China ina CH340, chipu ya bei ya chini kutoka kampuni ya WCH ya Nanjing. Ya kwanza huuzwa Ulaya kwa zaidi ya yuro 20. Ya pili hutoka kiwandani kwa dola chache tu, na ndiyo inayofika kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, kupitia Kampala, Kigali au Dubai, ndani ya mzigo uleule wa chaja za simu na taa za LED.

Mwanafunzi wa Institut Technique Fundi Maendeleo anayenunua hiyo ya pili kwa ajili ya kazi yake ya mwisho wa masomo, amemwibia mtu yeyote? Na fundi wa mtaa wa Kadutu anayeshusha kwenye simu mchoro wa kidhibiti chaji cha paneli za jua, akakitengeneza, akakiuza soko la Nyawera kwa faida bila kumtumia mwenye mchoro hata franka moja, tumweke kundi gani? Kwetu majibu huja upesi mno. Wapo wanaosema kilichoko kwenye intaneti ni cha wote, na wapo wanaosema kunakili ni wizi, mjadala umefungwa. Jibu la kwanza linafumbia macho udanganyifu. La pili linawahukumu watu waliopewa ruhusa kwa maandishi.

Ruhusa hiyo ipo kweli. Maunzi huria ni vifaa ambavyo michoro yake, orodha ya vipuri vyake na maelezo ya kuvitengeneza vimetolewa hadharani ili yeyote avisome, avibadilishe, avitengeneze na aviuze. Hilo la kuviuza liliwekwa kwa makusudi. Ufafanuzi wa maunzi huria uliotolewa mwaka 2011, baada ya mkutano mkuu wa kwanza wa wasanifu wa vifaa hivyo mjini New York mwaka 2010, na ambao leo unatunzwa na chama chao cha OSHWA, unasema leseni inayokataza biashara haiwezi kuitwa huria. Leseni za CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Geneva, ambazo zilianza kutolewa mwaka huohuo wa 2011 na kuandikwa upya mwaka 2020, nazo zinaruhusu kuuza. Kwa hiyo fundi anayeuza kifaa cha mchoro wa aina hii anafanya jambo ambalo msanifu alilifikiria, akalikubali, akalitia saini.

Wasanifu hao wana sababu zao. Adrian Bowyer alipoanzisha mradi wa RepRap katika Chuo Kikuu cha Bath mwaka 2005, nia yake ilikuwa printa ya 3D inayoweza kuchapa sehemu kubwa ya viungo vyake yenyewe, ili aliye nayo amtengenezee jirani. Kunakiliwa ndiko kulikokuwa lengo. Printa ambazo zamani zilinunuliwa na viwanda vikubwa peke yake zilishuka bei hadi zikaingia vyumba vya wanafunzi, kwa sababu maelfu ya watu walinakili, wakakosea, wakarekebisha, wakauza. Darasa hilohilo liko karibu nasi: darubini ya OpenFlexure, iliyosanifiwa Uingereza na ambayo mwili wake huchapwa kwa plastiki, ilitengenezwa Dar es Salaam na karakana ya STICLab, na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walihusika katika kuijaribu kwa uchunguzi wa malaria. Hapo hakuna aliyemnyang'anya mwenzake kitu.

Lakini fundi lazima asome leseni kabla ya kusherehekea. Mitandao ya kushusha michoro imejaa faili zenye masharti ya kutotumika kibiashara. Ukichapa kimoja ukakipeleka nyumbani hakuna neno, ukichapa hamsini ukavipanga sokoni umevunja neno la mwenye kazi. Zaidi ya hapo kuna kitu kilichoonekana tu: video ya mtu anayeonyesha saketi yake, picha ya bodi iliyofunguliwa. Kuonyeshwa si kuruhusiwa. Wengi wa vijana wetu hawatofautishi mambo haya matatu, na siwalaumu sana, kwa sababu leseni zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Ila kutojua hakuufanyi mchoro wa mtu kuwa wako.

Sheria ya nchi haitusaidii kupata jibu. Hakimiliki hulinda mchoro kama mchoro, yaani karatasi au faili. Kwa kawaida haikizuii kifaa kinachotokana na mchoro huo. Kinacholinda kifaa ni hataza, na hataza hulinda pale tu iliposajiliwa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina sheria yake ya mali ya viwandani, namba 82-001 ya Januari 7, 1982, lakini haimo ARIPO wala OAPI, zile jumuiya mbili za Afrika ambamo maombi yakipelekwa mara moja yanaweza kulindwa katika nchi kadhaa. Mgeni anayetaka kulindwa hapa ni lazima maombi yake yafike Kinshasa. Zaidi ya hayo, nchi zilizo nyuma kimaendeleo, yetu ikiwemo, zimepewa na Shirika la Biashara Duniani muda hadi Julai 1, 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza sehemu kubwa ya TRIPS, mkataba wake wa haki miliki.

Nafasi ya aina hiyo Bukavu imekwisha kuitumia kwa heshima. Pharmakina, kampuni yetu ya kwinini, ilianza mwaka 2005 kutengeneza Afri-Vir, vidonge jenerika vya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, wakati ambapo dawa za chapa kubwa zilikuwa mbali na mfuko wa mgonjwa wa Kivu. Dawa jenerika si usanifu huria, na hakuna aliyemwomba mvumbuzi radhi. Hata hivyo sijawahi kukutana na mtu wa mji huu anayeona kwamba wagonjwa wale walipaswa kusubiri hataza ziishe. Hilo linatuonyesha kwamba tayari tunaamini kunakili kunaweza kuwa haki. Kilichobaki ni kusema kwa masharti gani.

Sharti la kwanza ni jina. Michoro ya Arduino iko wazi, lakini jina Arduino ni chapa ya biashara iliyosajiliwa. Massimo Banzi, mmoja wa waanzilishi, alilifafanua jambo hili mwaka 2013: kuna nakala zinazotumia jina lao wenyewe, kuna zilizoendeleza mchoro zikaongeza kitu, kuna zinazolingana na Arduino kimatumizi, na kuna bandia zinazobeba jina na alama ya wenyewe. Hizo za mwisho ndizo alizozipinga. Nakubaliana naye, na kwa Bukavu ningesisitiza zaidi, kwa kuwa anayeumizwa kwanza na jina la uongo ni mnunuzi. Msanifu wa Italia anapoteza senti. Maman aliyenunua kibadilishi umeme chenye jina asilolistahili, akakifunga kwenye friji ya biashara yake ya samaki, anapoteza samaki. Fundi anayemwambia, "Maman, hii si orijino, niliitengeneza mwenyewe kwa mchoro wa watu, ikiharibika nirudishie," amefanya biashara halali kuliko duka la vioo linaloapa kwamba kila kitu kimetoka Ulaya.

Jina lina upande wa pili, nao ni kumtaja aliyetangulia. Hapa Arduino yenyewe ina deni. Kabla yake kulikuwa na Wiring, kazi ya Hernando Barragán, mwanafunzi kutoka Kolombia aliyekuwa akisoma Ivrea, mji wa Italia ambako Arduino ilizaliwa, na Banzi alikuwa miongoni mwa waliosimamia tasnifu yake. Mwaka 2005 kundi la Arduino lilichukua msingi wa Wiring, likatumia chipu ya bei nafuu zaidi, likaendelea na safari bila yeye. Leseni iliruhusu. Miaka zaidi ya kumi baadaye, mwaka 2016, Barragán aliandika kwa kirefu jinsi mchango wake ulivyosukumwa pembeni katika hadithi ambayo dunia iliisikia. Wakati huohuo waanzilishi wa Arduino wenyewe walikuwa mahakamani wakigombania jina hilo, ugomvi uliosuluhishwa mwaka 2016, na Oktoba 2025 Qualcomm, kampuni kubwa ya chipu ya Marekani, ikatangaza kwamba inainunua Arduino. Sharti la leseni lilitimizwa na bado mtu alidhulumiwa. Ndiyo maana siwezi kukubali wanaosema kwamba aliyefuata leseni amemaliza deni lake.

Vipi kuhusu pesa? Hapo ndipo wasanifu wa nchi tajiri walipogombana zaidi. Mwaka 2012 Matt Strong aliomba watu wamchangie atengeneze Tangibot, nakala kamili ya printa ya MakerBot kwa bei ya chini sana. MakerBot ilikuwa imetokana na RepRap na michoro yake ilikuwa wazi, kwa hiyo kisheria hakuwa na kosa. Wengi walimzomea, na mchango haukufika. Mwaka huohuo MakerBot yenyewe ilifunga michoro ya printa yake mpya, na mwaka 2013 ikanunuliwa na kampuni ya Stratasys kwa hisa zenye thamani ya takribani dola milioni 400. Josef Prusa wa Ucheki, ambaye printa zake zilinakiliwa sana, alilalamika mwaka 2023 kwamba viwanda vinachukua kazi ya umma, vinaiboresha kwa siri, na vingine vinakimbilia kuisajilia hataza. Naye akaanza kuzuia baadhi ya michoro. Phil Torrone wa kampuni ya Adafruit alikuwa ameandika kanuni zisizo rasmi za jamii hiyo: mtaje mwenzako, ongeza kitu, mlipe sehemu ya mauzo hata kama hulazimiki.

Kanuni za Torrone ni njema, lakini ziliandikwa na watu wanaolipana kwa kadi ya benki. Deni la pesa kwa maoni yangu linafuata ukubwa wa biashara. Kiwanda kinachotoa nakala kwa maelfu, kikashusha bei hadi msanifu ashindwe kulipa watu wake, kinakausha chanzo kinachokinywesha. Hicho kinadaiwa pesa hata kama hakuna hakimu wa kukidai. Fundi wa Bukavu anayetengeneza vidhibiti kumi kwa mwezi hamnyang'anyi msanifu mteja yeyote, kwani hakuna hata mmoja kati ya wateja wake ambaye angenunua cha Ujerumani. Tena, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa Februari 2025, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama. Kumdai fundi huyo atume asilimia tano kwa mtu aliyeko Munich ni kumdai asichoweza kukituma. Deni lake lipo, ila linalipwa kwa kitu kingine, na ili kuliona deni hilo vizuri ni heri tuache elektroniki kwa muda tuingie jikoni.

Jiko la makala lenye kiuno, linalojulikana kama Kenya Ceramic Jiko, ndilo mfano mkubwa kabisa wa usanifu ulio wazi katika eneo letu, ingawa lilizaliwa kabla mtu hajatamka maneno hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati jadidifu uliofanyika Nairobi mwaka 1981, mradi wa serikali ya Kenya uliofadhiliwa na Wamarekani ulichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, ukaliunganisha na jiko la bati ambalo mafundi wa Shauri Moyo walikuwa wamezoea kuligonga. Max Kinyanjui ni miongoni mwa waliolisanifu, na muungano wa mashirika wa KENGO ukaeneza mafunzo. Jiko lenyewe ni koni mbili za bati zinazokutana kiunoni. Koni ya juu ina bakuli la udongo uliochomwa, lenye matundu chini ambayo ndiyo wavu wa kupitishia majivu na hewa. Kati ya bakuli na bati hujazwa saruji iliyochanganywa na madini mepesi ya vermikulaiti ili joto lisikimbilie nje. Likitengenezwa vizuri hupunguza matumizi ya makala kwa kati ya theluthi moja na nusu.

Mafundi wa jua kali walifundishwa hadharani, wakanakili. Mafundi waliowaona hao wakanakili pia. Bei ilishuka, jiko likavuka mipaka hadi Tanzania, Uganda na Rwanda. Ethiopia likabadilishwa likaitwa Lakech. Mashariki mwa Kongo mradi wa EcoMakala wa WWF ulieneza Jiko Nguvu huko Goma. Leo ukishuka soko la Kadutu utakuta mbabula za kila umbo, na nyingi zina damu ya jiko lile. Hakuna aliyelipa mrabaha, na sidhani kuna mtu mwenye akili timamu anayetamani kwamba ungelipwa. Kama mchoro ule ungefungwa, jiko lingebaki bidhaa ya watu wachache wa Nairobi.

Kosa lililoingia katika kunakili huko ni la aina nyingine. Kuna waliolinakili umbo bila kunakili kazi. Bakuli la udongo lisilochomwa vya kutosha hupasuka baada ya miezi michache. Matundu machache mno hulizima jiko, makubwa mno hudondosha makala yanayowaka. Pengo lisilojazwa chochote huligeuza kuwa jiko la bati la zamani lililopakwa rangi. Kwa macho, sokoni, mbabula nzuri na mbovu ni mapacha. Mnunuzi analipa zaidi akiamini ataokoa makala, kumbe haokoi. Na makala yetu mengi yanatoka upande wa Kahuzi-Biega, hifadhi tangu 1970 na urithi wa dunia tangu 1980, kwa hiyo nakala mbovu ina mlipaji wa tatu ambaye hakufika sokoni. Fundi wa nakala hiyo hajamkosea Kinyanjui. Amemkosea Maman aliyenunua, na amemkosea fundi wa jirani aliyechoma bakuli lake sawasawa, ambaye sasa anaambiwa majiko haya yote ni uongo.

Kwa sababu hiyo nadhani mjadala mwingi wa maadili ya kunakili unaangalia upande usio wake. Unauliza mnakili anamdai nini au anadaiwa nini na msanifu, wakati msanifu alikwisha kusema: chukua. Wadai halisi wako mbele: mnunuzi, na fundi atakayefuata.

Ukiangalia kwa jicho hilo, kuna tendo moja ambalo linanikera kuliko bodi zote za bandia. Fundi anachukua mchoro ulio wazi wa kidhibiti chaji, tuseme mmojawapo wa michoro ya Libre Solar ya Ujerumani. Anaujenga, anaujaribu, unafanya kazi. Kisha, kabla ya kufunga boksi, anachukua msasa na kusugua mgongo wa chipu mpaka maandishi yanatoweka, au anamwaga gundi nyeusi juu ya saketi nzima, ili mwenzake akifungua asijue ndani kuna nini. Ni desturi ya zamani ya biashara ya elektroniki duniani kote, na mafundi wanaorekebisha vifaa wanaijua vizuri. Sababu yake inaeleweka: ushindani ni mkali, na anaogopa mwanafunzi wake wa jana atafungua meza jirani. Lakini mlango aliopitia ulikuwa wazi kwa sababu mtu mwingine alikataa kuusugua. Isitoshe, kidhibiti kile kitakapoungua wakati wa delestaji, pale umeme wa SNEL, shirika la umeme la nchi, unapokatika na kurudi kwa kishindo, hakuna atakayeweza kukitengeneza. Mnunuzi atatupa boksi zima kwa sababu ya kipuri cha nusu dola. Kwa leseni nyingi kali, kama ile ya CERN inayodai mabadiliko yabaki wazi, tendo hilo linaweza pia kuwa uvunjaji wa sharti, lakini hata pale ambapo leseni inaruhusu naliona baya.

Na kitu kinachofichwa mara nyingi ni chenye thamani kuliko mchoro wa awali. Chukua swali la betri. Michoro mingi ya Ulaya huchukulia kwamba mtumiaji ana betri ya sola inayostahimili kushushwa chini, hivyo kidhibiti kinaachia umeme mpaka volti zipungue sana. Kwetu wengi wanatumia betri ya gari, mara nyingi iliyokwisha kutumika, na betri ya gari ikishushwa hivyo hufa baada ya muda mfupi. Fundi anayejua hali hiyo hupandisha kikomo cha kukata, tuseme hadi volti 12, akakubali taa zizimike mapema ili betri iishi. Ni badiliko la kipinga kimoja au la tarakimu moja katika programu. Limetokana na kuona betri nyingi zikifa, na hakuna mhandisi wa Munich anayeweza kulijua akiwa ofisini kwake. Badiliko hilo likiandikwa na kurudishwa kwenye mchoro wa wote, fundi wa Kadutu ameacha kuwa mnakili. Amekuwa mmoja wa wasanifu, na jina lake linapaswa kusimama pamoja na yao. Likisuguliwa kwa msasa, anazikwa nalo.

Hapa msomaji wa Bukavu anaweza kuniuliza kwa hasira: kwa nini sisi ndio turudishe? Swali lina uzito. Lehemu inayoshika karibu kila bodi duniani ni bati kwa sehemu kubwa, na bati hutoka kwenye kasiterite kama ile ya Kalimbi, huko Nyabibwe katika Kalehe. Kapasita ndogo za tantali hutoka kwenye koltani. Mji huu umejaa makontuari ya madini hayo, na mchimbaji anayeyabeba mgongoni hajawahi kuona jina lake kwenye mchoro wowote. Pia kuna miradi ya misaada iliyokuja, ikapiga picha kifaa cha fundi wa mtaa, ikakibandika nembo yake na kukipeleka kwa wafadhili kama uvumbuzi wa mradi. Mtu aliyechukuliwa hivyo ana haki ya kufunga mdomo. Naiheshimu hasira hiyo, lakini naona inaelekezwa pabaya. Bei ya kasiterite haipandi kwa kusugua chipu. Na anayefaidi fundi wa Kivu akificha ujuzi wake ni yuleyule anayeuza bidhaa zilizofungwa kutoka nje, kwa sababu kila fundi wetu anaanza upya peke yake. Wasanifu wa nje wanaojiita huria ndio wanaopaswa kulibeba lile swali la madini kwenye orodha zao za vipuri, waandike bati na tantali zimetoka wapi, kama wanavyoandika namba ya kipinga.

Vifaa vya tiba navitenga. Tarek Loubani na wenzake wa Glia walisanifu kwa ajili ya Gaza stetoskopu ya kuchapwa, wakaipima dhidi ya ile inayosifika hospitalini, na mwaka 2018 wakachapisha matokeo kwamba inalingana nayo. Aliyechapa umbo lilelile kwa plastiki nyingine au kwa ujazo mwingine wa ndani hana haki ya kutumia matokeo hayo, kwani kilichopimwa si chake. Auze baada ya kupima, si kabla. Katika mbabula, uvumilivu unawezekana. Katika kifaa ambacho daktari atategemea kusikia pafu la mtoto, mchoro huria bila kipimo ni hatari inayosambazwa bure.

Yanayowezekana kesho asubuhi ni machache na hayahitaji waziri. Karatasi iliyobandikwa chini ya boksi yenye mistari minne: mchoro ni wa nani, leseni gani, nimebadilisha nini, namba yangu ya simu. Chipu ibaki na jina lake. Shule za ufundi na vyuo vyetu vinaweza kudai kwamba kazi ya mwisho wa masomo iliyojengwa juu ya mchoro huria ikabidhiwe pamoja na mchoro uliorekebishwa, kwa Kifaransa au Kiswahili, na iwekwe maktaba ambako fundi asiye mwanafunzi anaruhusiwa kuingia na kunakili. Mafundi wakongwe wanaopokea vijana wa kujifunza, ambao mara nyingi familia zao hulipa, waache kumficha kijana hatua ya mwisho, amelipia.

Wasanifu wa mbali nao wana sehemu yao. Faili la megabaiti mia mbili linalofunguka kwa programu ya kompyuta kubwa halijawa wazi kwa mtu mwenye simu na vocha ya siku moja. Watoe pia picha moja safi ya mchoro na orodha fupi ya vipuri mbadala, pamoja na muhtasari wa leseni kwa Kifaransa na Kiswahili. Na wafungue njia ya kupokea marekebisho kwa ujumbe wa sauti au picha ya WhatsApp, kwa sababu fundi aliyegundua habari ya volti 12 huenda hana akaunti ya GitHub, lakini ana simu, na maelezo yake yanachukua dakika tatu.